Ua Likataalo Chavua Yake: Nasaha Katika Ndoa za Jamaa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mimea kwa jozi na watu kwa jozi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baad. Iko ada katika baadhi ya nyumba za Waislamu ya kumuoza binti kwa mwana wa ami yake, si kwa kuwa amemridhia, bali ili shamba lisitoke nje ya ukoo. Na mwenye kusita huambiwa ya kuwa hiyo ndiyo sunna. Maneno haya yamechanganya haki na kosa, na yapasa kupambanuliwa. Kwani atakayeyabeba matokeo ni mtoto asiyeulizwa.

Na atazame mwenye akili katika ua. Chavua ni ule unga wake, uchukuliwao na upepo na nyuki. Iangukapo chembe moja juu ya ncha ya sehemu ya kike, huota kama mbegu iotavyo, ikatoa mrija mwembamba usioonekana kwa jicho. Mrija hushuka ndani ya ua hata ukafika penye kijiyai, nao umebeba mbegu dume mbili: moja hutunga mimba ya mche, na ya pili huanzisha chakula cha kuulisha mche huo. Katika mahindi, kila uzi wa ndevu ni njia ya kwendea punje moja. Njia hiyo yaweza kufika shubiri nzima, na mrija huimaliza kwa muda wa siku moja hivi.

Lakini si kila chavua ifikayo mlangoni hufunguliwa. Mfano wake ni kahawa ya robusta, ipandwayo Bukoba na Uganda. Ua lake huijua chavua kwa alama ya urithi. Ikiwa alama hiyo limo nayo lenyewe, mrija huzuiliwa, usifike penye kijiyai. Na chavua ya mti mwingine, ikibeba alama ile ile, hukataliwa vivyo hivyo. Kwa hiyo mkulima ajazaye shamba kwa vipandikizi vya mti mmoja huona maua tele na matunda hayapati. Kwani miti ile, hata ikiwa mia, ni mti mmoja. Na ua hilo hilo haliipokei chavua ya muembe wala ya mnazi. Lamkubali aliye wa jinsi yake asiye nafsi yake.

Hata hivyo sharia haichukuliwi katika maua. Mwenyezi Mungu ameharimisha katika Sura ya Nisaa mama, binti, dada, shangazi, khalati, na mabinti wa ndugu. Na katika Sura ya Ahzabu ametaja uhalali wa binti wa ami, wa shangazi, wa mjomba na wa khalati. Basi asithubutu mtu kuharimisha ndoa hiyo. Ama lililo bora ni jambo jingine. Imamu Nawawi, katika Minhaji, ameweka miongoni mwa yapendezayo kwamba mke asiwe jamaa wa karibu. Na wafafanuzi wake wakamtanguliza jamaa wa mbali juu ya asiye jamaa kabisa. Na ile khabari isimuliwayo kuwa ni hadithi, ya kwamba mtoto wa jamaa wa karibu hutoka dhaifu, Ibn Salah amesema hakuiona asili yake ya kutegemewa. Basi asinasibishiwe Mtume.

Ikiulizwa: Je, Mtume hakumuoa Bibi Zainabu binti Jahshi, binti wa shangazi yake? Na Bibi Fatuma hakuolewa na Sayyidna Ali? Jawabu: Ndoa ya kwanza ilibatilisha ada ya Waarabu katika wake wa watoto wa kupanga, na Sayyidna Ali ni mwana wa ami wa baba yake Bibi Fatuma, si wa ami yake, basi ni jamaa wa mbali.

Na kahawa ya arabika, iliyoenea duniani kutoka Yemeni kwa miche michache, hujizalisha kwa chavua yake nayo ikazaa. Hiyo ni rukhusa. Lakini kutu ya majani ilipoonekana Ceylon mwaka 1869, haikupita miaka mingi mashamba ya kahawa yakaangamia, watu wakapanda chai. Na katika sababu zitajwazo ni kufanana mno kwa miti ile.

Watoto wa ndugu wawili hushirikiana takriban sehemu moja katika nane ya urithi wao, na kasoro iliyofichika hukutana upesi na mwenziwe. Katika maradhi ya selimundu, mwenye alama moja aweza kuishi mzima asijue. Wakioana wawili wenye alama hiyo, kila mimba ina hatari moja katika nne ya kuzaliwa mgonjwa. Hili laweza kuwapata hata wasio jamaa. Basi kupima damu kabla ya nikahi si kukosa tawakali, ni kumfunga ngamia kisha kutawakali.

Na aogopaye shamba kutoka, na ajue ya kuwa fungu la binti ni lake popote aolewapo. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeligawa. Na amuulize binti yake kabla ya kuuliza mipaka ya shamba.

Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi hekima na watoto afya. Amin. Wallahu aalam.