JE, NI UPOTEVU KUZISIKILIZA NYOTA?



Mwazijua habari za yule mwanamke wa Bethania aliyeivunja chupa ya marhamu ya thamani kubwa, akaimimina juu ya Bwana wetu. Waliokuwapo walinung'unika. Waliona kwamba mali imepotezwa bure, hali maskini walikuwa wengi. Swali lao halikufa pamoja nao, maana hata leo laulizwa kila mahali mtu atoapo nguvu zake kwa jambo lisiloleta chakula wala fedha.

Mwezi huu tumekusudia kulitia swali lile katika jambo ambalo huenda wengi wenu hamjalifikiri. Wako watu katika nchi nyingi, mafundi, walimu wa skuli, wazee waliostaafu, na wanafunzi, ambao jioni wakiisha kazi zao hufunga waya juu ya milingoti, huketi mbele ya chombo cha redio, na kusikiliza. Hawasikilizi habari wala nyimbo. Wasikiliza mawimbi ya redio yatokayo katika jua, katika sayari, na katika nyota zilizo mbali. Huungana katika vyama, hununua vyombo kwa fedha zao wenyewe, huwafundisha watoto, wala hawapokei mshahara. Hao ndio wasikilizaji wa ridhaa. Basi twauliza: Mkristo akiwa miongoni mwao, je, azitumia vema saa alizopewa na Mungu, au azipoteza?

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Mwanzo wake ni mtu aliyeitwa Karl Jansky, fundi wa kampuni ya simu katika Marekani. Aliagizwa atafute ni kitu gani kichafuacho sauti za simu zipitazo juu ya bahari. Alijenga antena yenye urefu wa mita 30 hivi, akaiweka juu ya magurudumu ya motokaa ili aweze kuizungusha. Akasikia kelele za namna tatu: ngurumo za radi zilizo karibu, ngurumo za radi zilizo mbali, na mvumo mwembamba asioujua asili yake. Hapo kwanza alidhani mvumo ule watoka katika jua. Lakini hakuridhika na dhana. Aliusikiliza mwezi baada ya mwezi, akaona kwamba haurudi kila baada ya saa 24 kamili, bali huwahi kwa dakika nne. Kwa dakika nne hizo alijua kwamba si jua, maana nyota ndizo ziwahizo hivyo kila siku. Mwaka 1933 akawatangazia watu kwamba mvumo ule watoka katika Njia ya Maziwa, upande wa nyota ziitwazo Kausi.

Wavuvi na wakulima wa Unguja hawatazistaajabia dakika nne hizo, ijapokuwa hawakuzihesabu kwa saa ya mkononi. Ndizo zikiondoazo Kilimia mahali pake usiku hata usiku, hata mwisho kikazama pamoja na jua, kisha kikazuka tena upande wa mashariki alfajiri. Wazee wetu walisema kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Walitazama kwa subira, wakawaachia watoto wao waliyoyaona.

Kampuni ilimpa Jansky kazi nyingine, wala wataalamu wengi hawakuushughulikia ule mvumo. Aliyeushughulikia ni mtu wa ridhaa, jina lake Grote Reber. Mwaka 1937, katika kiwanja cha nyumba yao mjini Wheaton, alijenga kwa fedha zake sahani ya chuma yenye upana wa mita 9 hivi. Mchana alifanya kazi ya mshahara, usiku alisikiliza, kwa kuwa mchana cheche za motokaa zilimchafulia. Chombo chake cha kwanza hakikupokea kitu. Cha pili nacho hakikupokea kitu. Cha tatu kikapokea. Karibu miaka kumi mtu huyu alikuwa peke yake, au karibu na kuwa peke yake, katika elimu ambayo leo ina mitambo mikubwa katika Ulaya, Asia, Marekani na Afrika. Basi asiyelipwa ndiye aliyeulinda moto usizimike.

Sasa tuwajibu wanung'unikao.

Wa kwanza asema: Kazi hii haileti mkate. Ni kweli, nasi hatutaki kuitetea kwa kudai kwamba itauleta kesho. Lakini mkate si kipimo cha kila jambo. Anayesafisha kaburi la mamaye hapati mkate. Wanaoimba katika kwaya hawapati mkate. Martin Luther alifundisha kwamba kazi ya mtumishi wa nyumbani ifanywayo kwa imani yampendeza Mungu kama kazi ya padre. Kadhalika twaamini kwamba kuzitazama kazi za mikono ya Mungu kwa bidii na kwa kweli ni namna ya shukrani, na shukrani haiuzwi sokoni.

Hata hivyo ipo mipaka, nasi hatuna budi kuitaja. Yule mwanamke alitoa marhamu yake mwenyewe, hakutoa ya mwingine. Baba anunuaye vyombo kwa ada ya skuli ya mwanawe hatoi sadaka, bali aiba. Kijana asikilizaye nyota usiku, na katika chumba cha pili bibi yake mgonjwa aomba maji asimsikie, huyo masikio yake yamekuwa na uziwi. Saa ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Mshtarii itachomoza tena kesho. Bibi huenda asiamke. Mtu ashikaye mpaka huu, na awe huru kusikiliza bila dhamiri kumhukumu.

Wa pili asema: Watu hawa si wataalamu, na ushuhuda wao wafaa nini? Hapa twawakumbusha desturi ya jirani zetu Waislamu, tunaokaa nao Mjini na mashamba. Ramadhani ikikaribia, watu huutazama mwezi mwandamo. Mvuvi wa Nungwi au mkulima wa Makunduchi aweza kuwa shahidi. Haulizwi ana cheti gani. Yatazamwa kama ameona kweli, na kama yeye ni mwaminifu. Siku nzima ya taifa yaweza kusimama juu ya neno la mtu mmoja mnyofu. Wasikilizaji wa ridhaa nao wako hivyo. Kazi yao ya kwanza si ujuzi mwingi, bali ni kusema walichosikia bila kuongeza wala kupunguza.

Na kusema hivyo si rahisi. Mwaka 1955 wataalamu wawili wa Marekani, Burke na Franklin, walipokea kelele za ajabu, nao wakadhani ni uchafuzi wa vyombo vya hapa duniani. Walipozipima siku nyingi, waliona kwamba zilifuatana na Mshtarii, ile sayari kubwa kupita zote, wengine huiita Jupita. Leo mtu wa ridhaa aweza kuzisikia kwa waya zenye urefu wa mita 7 hivi na chombo kidogo cha kupokelea megahezi 20. Kelele hizo huzidi mwezi mmoja wa sayari ile, uitwao Io, ukipita mahali fulani katika nguvu zake za sumaku. Mara nyingine zafanana na mawimbi ya bahari yavunjikayo pwani, mara nyingine na changarawe zilizotupwa juu ya bati. Zimesafiri zaidi ya nusu saa kabla ya kufika sikioni. Wala hazisikiki kila usiku. Mtu aweza kukesha siku kumi asisikie kitu, na siku hizo kumi yampasa aandike katika daftari yake: Sikusikia kitu. Ndugu, ni wangapi katika sisi wawezao kuandika hivyo? Ni wangapi kati yetu walimu wawezao kusema mbele ya usharika: Jambo hili sijalifahamu bado?

Tena msikilizaji sharti azijue kelele zake mwenyewe. Ndani ya Mji Mkongwe, penye taa, majenereta, pikipiki na mashine za kila namna, hataweza kusikia neno, na huenda akaidhani mashine ya baridi ya jirani kuwa ni sauti ya sayari. Yampasa atoke aende shamba, azime vyake kwanza, ndipo asikilize. Mtoto Samweli alipoitwa usiku alikimbilia kwa Eli mara tatu, kwa kuwa hakujua sauti ile yatoka wapi. Kosa hili ni la wanadamu wote. Twasikia sauti kweli, lakini twakosea chanzo chake. Hasira yetu twaiita bidii ya Bwana, na woga wetu twauita busara.

Wa tatu ana hofu, naye tusimdharau, maana kisiwa hiki kina habari yake. Mwaka 1960 Uingereza, iliyokuwa ikiilinda Zanzibar wakati ule, ilipatana na Marekani kwamba mtambo wa kusikilizia vyombo vya angani ujengwe Unguja. Ukajengwa Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipokuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia, akiizunguka mara tatu kwa muda usiotimia saa tano, mtambo wa Unguja ulikuwa mmoja wa ile iliyomsikiliza njiani, na habari za mwili wake zilipokewa hapa alipopita juu ya bahari yetu. Lakini wengi kisiwani hawakuamini kwamba ni sikio tu. Walisema ni mahali pa makombora, na kwamba vita vya wakubwa vitaletwa mlangoni kwao. Vyama vya siasa viliupinga. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, Serikali mpya ilitaka mtambo uondolewe, nayo amri hiyo ilitolewa mwezi wa Aprili mwaka ule ule.

Hatuandiki ili kuhukumu siasa za siku zile. Ulimwengu ulikuwa umegawanyika, na mnyonge alikuwa na sababu ya kuogopa. Twasema neno moja tu: mtambo ule ulisikiliza mbali sana, lakini hofu ya watu waliokaa karibu nao ilikuwa bado kusikilizwa hata ikatulia. Jambo usilomfafanulia jirani yako, yeye atajifafanulia mwenyewe, na mara nyingi hofu ndiyo itakayokuwa mwalimu wake.

Hapa ndipo tuonapo thamani ya watu wa ridhaa. Vyama vyao vilivyo vyema havifungi milango. Katika Uholanzi, karibu na kijiji cha Dwingeloo, sahani kubwa yenye upana wa mita 25 iliyojengwa mwaka 1956 ilikuwa imeachwa, nao watu wa kujitolea wakaitengeneza, na sasa huwaonyesha wageni na wanafunzi. Huko Marekani, tangu miaka ya mwisho ya 1990, skuli na watu binafsi wamefundishwa kujitengenezea vyombo vya kusikiliza Mshtarii, na waliyoyapata huyaweka wazi kwa wote. Mtoto aliyeunga waya kwa mkono wake haogopi mlingoti. Amejua kilichomo.

Iko na hofu nyingine, ya imani. Wengine hudhani kwamba kusikiliza nyota ni ndugu wa kupiga ramli na kutazamia. Sivyo. Mtazamiaji huzilazimisha nyota ziseme habari zake yeye: ndoa yake, safari yake, adui yake. Msikilizaji wa kweli huziacha ziseme habari zao. Na tena asije Mkristo akasema kwamba mvumo ule ni sauti ya Mungu. Ni sauti ya viumbe. Mtunga zaburi alikwisha kutufundisha kwamba mbingu zatangaza utukufu pasipo maneno. Neno tumelipokea kwingine, katika Kristo.

Basi jibu letu ni hili. Si upotevu, iwapo mtu atoa kilicho chake, asema kweli juu ya alichosikia, na amfungulia jirani mlango. Yakikosekana hayo matatu, ni upotevu, hata kama angepewa mshahara na heshima.

Walimu wapendwa, mwafahamu kwamba hayo matatu hayahusu nyota peke yake. Ludwig Krapf alifika Unguja Januari 1844, akapewa barua na Sayyid Said ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Kisha alikwenda Mombasa, na kabla mwaka haujaisha alimzika mkewe na mtoto wao. Kazi yake ya miaka mingi ilikuwa kusikiliza: neno moja moja la Kiswahili alilisikia katika vinywa vya watu, akaliandika. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, naye amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Aliyekuja kunena alijifunza kwanza kunyamaza.

Sisi nasi twakaa kisiwani tukiwa wachache kati ya jirani walio wengi. Wanatusalimu barazani, wanatuuguza, wanatuzika. Je, twawasikia wao, au twasikia kelele za mashine yetu wenyewe? Jioni moja wiki hii, mkiisha kazi, zimeni vyombo vyenu, ketini nje pamoja na watoto na jirani, mkitafute Kilimia. Kisha mwulizeni aliye mzee kupita wote aseme ayajuayo, nanyi mnyamaze hata amalize.

Bwana aliyelifungua sikio la yule kiziwi afungue na yetu. Amina.