Upole Usionawa Mikono

Kila tarehe 12 Mei wauguzi wetu huwasha mishumaa na kula kiapo chenye jina la Florence Nightingale. Kiapo chenyewe hakukitunga yeye. Kiliandikwa Marekani mwaka 1893, naye akiwa bado hai. Mshumaa unakumbusha taa aliyozunguka nayo usiku wodini, katikati ya askari wagonjwa. Sina ugomvi na mshumaa. Ila naona taa hiyo imetufanya tumpende mama huyu kwa kipande kidogo cha maisha yake, tukakiacha kile chenye swali gumu kwetu waumini: je, huruma peke yake yatosha?

Alizaliwa mwaka 1820. Februari 1837, akiwa na miaka 16, aliandika kwamba Mungu amemwita katika utumishi wake. Jamaa zake, watu wa mali, hawakutaka awe muuguzi, maana kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanawake duni na walevi. Akangoja. Mwaka 1851 ndipo alipokaa miezi mitatu Kaiserswerth, Ujerumani, akijifunza kwa mashemasi wa kike. Miaka 14 ya kungoja! Na sisi tunataka wito uthibitike kabla semina haijafungwa.

Novemba 1854 alifika Scutari, ng'ambo ya Istanbul, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa Uingereza. Wakasafisha, wakafua, wakapika chakula kinacholika, na usiku ile taa ikazunguka. Na bado watu walikufa. Majira yale ya baridi vifo vilizidi, kwa kuhara, kipindupindu na homa. Chini ya jengo mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, na hewa yake ikapanda hadi wodini. Machi 1855 ilifika tume ya afya kutoka London. Ikazibua mifereji, ikaondoa uchafu, ikapitisha hewa. Vifo vikashuka sana.

Hapo ndipo moyo wangu hukwama. Wale waliowashika mkono wanaokufa walikuwa ndani ya nyumba ile ile iliyokuwa inawaua. Machozi yao yalikuwa ya kweli, na sala zao pia naamini zilikuwa za kweli. Mifereji ilihitaji koleo.

Aliporudi Uingereza mwaka 1856 alikwepa mapokezi. Akaketi na William Farr, mtaalamu wa takwimu, wakahesabu wafu. Mwanzoni aliamini kwamba wengi walikufa kwa kuwa waliletwa wakiwa wamekwisha dhoofika. Hesabu zilimwonyesha kwamba maradhi yaliyoweza kuzuiwa yaliua wengi kuliko majeraha, naye akakubali. Waandishi wa maisha yake wangali wakibishana ni kwa kiasi gani alijilaumu. Mimi natazama jambo moja tu: mtu wa kulinda sifa yake angeziacha hesabu zile kabatini. Yeye alizichora kwa rangi, ili hata mkubwa asiyependa kusoma majedwali aone.

Tangu mwaka 1857 aliugua, na miaka mingi iliyofuata aliipitisha chumbani, mara nyingi kitandani. Kwa hiyo huyu tunayemwashia mishumaa aliwahudumia wagonjwa kwa mikono yake kwa miaka michache tu. Miaka 40 na zaidi alitumika kwa kalamu. Shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, London, ilifunguliwa mwaka 1860 kwa fedha zilizochangwa kwa heshima yake, naye hakuweza kuisimamia ana kwa ana. Je, huo ni uuguzi? Nasema ndiyo, tena huenda ndio uliowafikia wengi zaidi.

Najua mtu atanijibu kwamba hesabu humgeuza mgonjwa kuwa namba ya kitanda. Ni kweli, hutokea, na inauma. Lakini tumtazame tena yule Msamaria. Alihurumia, kisha akafunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha mtu juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili, akaahidi kumlipa mwenye nyumba ya wageni gharama ikizidi. Huruma yake ilikuwa na bajeti.

Nilimuuguza mama yangu katika hospitali moja, ambayo sitaitaja. Kulikuwa na muuguzi mpole kupita wote. Alimwita mama kila asubuhi kwa jina la mjukuu wake, akamtania, akasali naye. Alitoka kitanda hiki kwenda kile bila kunawa. Mwingine alikuwa mkali. Alitufukuza saa za kutazama wagonjwa zilipokwisha, akafungua madirisha tuliyoyafunga, akamwamuru dada yangu mbele ya watu aende akanawe kwa sabuni kabla ya kugusa kidonda. Tulimsema vibaya sana, hata kwenye maombi ya jumuiya alitajwa, Mungu amlainishe moyo.

Mama alipopona tulimpelekea yule mpole kitenge na kilo tano za mchele. Yule mkali nilikutana naye getini siku hiyo hiyo, ametoka zamu ya usiku, viatu mkononi. Alimtazama mama akitembea mwenyewe, akatabasamu. Nikajifanya natafuta funguo.