Kwa Nini Tutembee, na Pesa Inaweza Kutumwa?



Tangu tutangaze yale matembezi ya Oktoba kutoka hapa Ainabkoi hadi Eldoret kwa ajili ya saratani ya matiti, swali moja limenifuata kila mahali, hata kwa kinyozi. Mzee mmoja wa kanisa ndiye aliyeliweka wazi kuliko wote. Aliniambia, "Pasta, hebu nisaidie hapo. Huyo mama mgonjwa, mimi nikichoka miguu ndio yeye anapona? Si mtu atume tu M-Pesa, halafu aende shambani avune mahindi yake?"

Kuna waliosema ati mzee ameongea hivyo kwa kukosa imani. Mimi sioni hivyo. Swali lake ni la haki, na kwa vile matembezi yameisha na miguu imepoa, sasa tunaweza kulitazama bila mtu kuhisi anazuiwa.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na hesabu haziniachi. Chukua watu 80. Tishati moja ya pinki iliyochapishwa, tuseme ni shilingi 600. Hizo ni shilingi 48,000 kabla mtu hajapiga hatua ya kwanza. Ongeza maji, chai na mkate, gari la kubeba wanaolemewa, mafuta ya hilo gari, na bango la kutangulia mbele. Halafu uweke siku mbili ambazo watu 80 hawako kazini, na Oktoba huku kwetu mahindi yako tayari na viazi vinangoja lori. Kuna matembezi mengi ya hisani ambayo ukiyaweka kwenye daftari, mhasibu atakuambia ufunge duka. Ndiyo maana sisi tulikubaliana hakuna tishati. Kila mtu alikuja na nguo zake, na fundi mmoja wa hapa akatupatia vipande vya kitambaa cha pinki tukafunga mkononi. Wengine walinung'unika kwamba hatutapendeza kwenye picha. Kweli hatukupendeza.

Kwa hivyo kama lengo ni pesa peke yake, mzee ameshinda, na tungemaliza hapa.

Lakini angalia jambo hili lilitoka wapi. Marekani kulikuwa na dada anayeitwa Susan Komen, aliyefariki kwa saratani ya matiti mwaka 1980 akiwa na miaka 36. Ndugu yake, Nancy Brinker, alikuwa amemwahidi kwamba atapigana na huo ugonjwa. Mwaka 1982 akaanzisha shirika kwa jina la dada yake, na mwaka 1983 wakafanya mbio za kwanza mjini Dallas. Baadaye yakaja matembezi ya siku tatu, maili 60, yaani karibu kilomita 97, watu wakilala kwenye mahema usiku. Mwaka uleule wa 1980, kule Kanada, kijana Terry Fox aliyekatwa mguu kwa saratani ya mfupa alianza kuvuka nchi yake kwa mguu mmoja wa bandia, karibu kilomita 42 kila siku. Alienda siku 143, kilomita 5,373, mpaka saratani ilipoingia mapafuni ikamsimamisha. Alikufa mwaka uliofuata, na miaka 22.

Na hapa Kenya wengi wenu mnakumbuka mwaka 2012, Zack Kimotho. Mtu aliyepooza miguu alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akisema anaelekea Afrika Kusini, kwa sababu Kenya haikuwa na hospitali ya kurekebisha walioumia uti wa mgongo kama aliyoihitaji. Alikuwa anatafutia Shirika la Walemavu wa Uti wa Mgongo shilingi milioni 250 za kujenga hospitali hiyo. Alisukuma magurudumu kwa mikono kwenye barabara ya Namanga, malori yakimpita. Huyo hakuhitaji kuhubiri. Kila aliyemwona alielewa jinsi huduma ilivyo mbali na mgonjwa.

Mzee bado anaweza kusema, "Sawa pasta, lakini hayo ni matangazo." Na ni matangazo kweli. Matangazo si dhambi, lakini hayatoshi kumtoa Mkristo nyumbani kwake siku mbili. Lazima kuwe na kitu kingine. Na hapo ndipo tunaweza kuteleza, hasa sisi Wapentekoste.

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujafika Burnt Forest, dada mmoja mpendwa alinishika mkono akaniambia, "Pasta, hii ni mbegu yangu. Nikimaliza bila kupanda gari, najua Mungu atamponya mamangu." Nampenda huyo dada, na mamake naendelea kumwombea. Lakini tusimfanye Mungu mtu wa kulipwa kwa malengelenge. Watu wengine hutaja Daudi kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna, 2 Samweli 24, jinsi alivyokataa kutoa kitu ambacho hakikumgharimu. Ni kweli, lakini Daudi alilipa bei ya uwanja na ng'ombe, kisha akatoa dhabihu. Hakutoa uchovu wake. Soma Isaya 58. Watu walikuwa wamefunga, wamejitesa, wameinamisha vichwa, halafu wanalalamika kwamba Mungu haoni. Na Mungu anawauliza kama hiyo ndiyo saumu aliyoitaka, kisha anaanza kutaja vifungo vya kufunguliwa, mwenye njaa wa kulishwa, asiye na nguo wa kuvikwa. Mateso ya mwili, ukiyaweka peke yake, hayamfikii mtu yeyote. Nyama ya mguu wangu ikiuma Cheptiret, hakuna seli hata moja ya saratani inayokufa Eldoret. Hapo mzee amesema kweli na ningependa tuendelee kumsikiliza.

Sasa njoo kwa Yesu. Yesu aliponya kwa mbali. Mtumwa wa akida katika Luka 7 aliponywa bila Bwana kuingia kwenye ile nyumba. Mtoto wa yule ofisa wa mfalme katika Yohana 4 alikuwa mgonjwa Kapernaumu, na Yesu akiwa Kana akasema neno, homa ikamwacha. Kwa hivyo anayetuma bila kwenda hajakosea. Mzee wetu alituma shilingi 2,000 akabaki kwa mahindi yake, na mimi nikasema amina kwa moyo wote.

Lakini katika Marko 5 Yesu hakutuma neno. Yairo alimwomba aje, akaenda kwa miguu, na umati ukimsonga. Ilikuwa ni kazi ya dharura, mtoto anakufa, na ukitazama kwa macho ya mpangaji wa ratiba, kwenda kwa miguu ni kupoteza muda, kwa sababu uwezo wa kumaliza jambo kwa mbali alikuwa nao. Ni katika ile barabara ndipo akaja mama aliyekuwa ametokwa na damu miaka 12. Alikuwa amezunguka kwa waganga mpaka pesa ikaisha, na hali ikazidi. Hakuwa kwenye ratiba ya siku hiyo. Hakumwita Yesu nyumbani, maana ugonjwa wake ulikuwa wa aibu, wa kufichwa. Alichoweza ni kunyoosha mkono mtu anapopita. Yesu angemaliza mambo ya Yairo kwa neno tu, yule mama angeshika nini?

Wapendwa, hilo ndilo jibu langu kwa mzee, na sikulipata kwenye chuo cha Biblia. Nililipata barabarani.

Kutoka hapa hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 40. Mnaijua hiyo barabara, lori za Malaba, na ukungu wa asubuhi ambao haukuruhusu uone bango la mbele. Hapa kwetu mtu akipita na raba tunamuuliza ni mbio gani anajiandalia, Boston ama Berlin. Tumezoea miguu inayoleta pesa nyumbani. Kwa hivyo kundi la watu wanene kiasi, kina mama wa makamo, mapasta wenye tai, wakitembea polepole na vitambaa vya pinki, lilikuwa la kushangaza. Watu walitoka kwa maduka kutuuliza. Na tulipowaambia, wengine walitoa mia, wengine walitupa pole, wengine walicheka.

Halafu kukaanza kitu ambacho hatukupanga. Kina mama walikuwa wanamvuta mmoja wa dada zetu kando na kuongea kwa sauti ya chini. Wa kwanza alikuwa anauza viazi kando ya barabara. Aliwaacha wateja, akatembea nasi karibu nusu kilomita akiwa na leso yake mkononi, kisha akasema ana kinundu kwa titi la kushoto tangu Februari. Hakumwambia mumewe. Hakumwambia dadake. Alikuwa ameombewa mara tatu kwa "mzigo" bila kutaja ni mzigo gani. Sisi tukiwa ndani ya gari hangetusimamisha. Tungempita kwa mwendo wa 80 tukipiga honi na nyimbo kwa spika, na angesema hao ni watu wa siasa. Mtu anayetembea anaweza kusimamishwa, na hana haraka ya kumwacha mwenzake. Kufikia Eldoret dada zetu walikuwa na majina 14.

Majina 14 kwenye barabara moja yaliniuma, kwa sababu karibu wote ni watu wa kanisa. Si la kwetu tu, lakini wa kanisa. Kwa nini mama anakaa na kinundu miezi minane na kila Jumapili anasimama mbele ya madhabahu? Kwa sababu mahali pengi tumefundisha kwamba kuutaja ugonjwa ni kuukiri, na ukiukiri umeupa nafasi. Kwa hivyo mtu ananyamaza, akidhani kunyamaza ndiyo imani. Yule mama wa Marko 5 hakunyamaza mwisho. Yesu alisimama akamngoja aseme kweli yote mbele ya watu, kisha akamwita binti.

Mimi nasema kwenye ukurasa huu kama mchungaji wenu msaidizi, na mchungaji mkuu anajua nasema: kinundu kwa titi si laana. Kwenda kukionyesha hospitali si kumdharau Mungu. Luka alikuwa tabibu na Paulo alimwita mpendwa. Tutakuombea, tutakupaka mafuta, na tutakupeleka kliniki, vyote vitatu, na hakuna kimoja kinachofuta kingine. Anayekuambia utupe dawa ili uonyeshe imani, muulize kama atakuja kulea watoto wako.

Saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote hapa Kenya. Kadirio la mwaka 2020 la shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa wagonjwa wapya karibu 6,800 na vifo zaidi ya 3,000 kwa mwaka mmoja. Wengi wa akina mama wetu hufika hospitali wakati imefika hatua ya tatu au ya nne, na ni ugonjwa ambao ukishikwa mapema una matibabu. Na wanaume msigeuze ukurasa, karibu mmoja kwa kila wagonjwa mia ni mwanamume.

Kuna umbali mwingine ambao matembezi yetu yalinifundisha kuuheshimu. Mgonjwa akiandikiwa mionzi, kwa kawaida anaenda siku tano kwa wiki, wiki tatu ama zaidi. Kwa miaka mingi hospitali ya umma iliyokuwa na mashine hiyo ilikuwa Kenyatta peke yake, na kutoka Eldoret hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 300. Siku hizi tuna kituo cha saratani cha Chandaria pale Moi Teaching, na tunamshukuru Mungu. Lakini mama wa hapa Ainabkoi bado anahesabu nauli ya kwenda na kurudi, kila mara, na mwili umedhoofika, na ng'ombe wanangoja kukamuliwa. Sisi tulitembea mara moja na kupigiwa makofi. Ukijumlisha safari zake, ametupita mbali, na hakuna aliyemshikia chupa ya maji.

Ndiyo maana daftari langu la matembezi haya halijafungwa. Katika wale 14, mpaka wiki hii 11 wamepimwa. Wanane waliambiwa hakuna shida. Watatu wanangoja matokeo, na mmoja wao ni yule wa viazi. Wawili wanasema wataenda baada ya mavuno, na tunawabembeleza. Mmoja mumewe amekataa, anasema hakuna mtu atakayemwangalia mke wake. Wazee wawili wa kanisa wamemtembelea, wakanywa chai, wakarudi bila kitu, na wataenda tena Jumamosi. Yule mzee wa swali la M-Pesa ameomba awe kati yao, kwa sababu alisoma darasa moja na babake.

Pesa tuliyopata inalipa nauli na vipimo vya hao. Hesabu yake imebandikwa mlangoni mwa ofisi, kila mtu aisome.

Gari la kanisa litaondoka stejini Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Nafasi nne bado ziko wazi. Anayetaka kusindikizwa amwone mama mchungaji baada ya ibada. Si lazima aseme sababu.