Chupa ya Maji Nyuma ya Kiti

Ukipanda gari la mtu ukaona chupa ya maji imelazwa nyuma ya kiti cha dereva, na maji yenyewe si ya kunywa, jua gari hilo lina siri. Kijana mmoja wa Kibokoni, mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, alikuwa na chupa kama hiyo. Ilikuwa ya lita moja na nusu, imefifia kwa jua. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Kilindini alifungua boneti, akazungusha kifuniko cha rejeta, akamimina maji mpaka yakaonekana mdomoni, akafunga, akaenda zake. Alifanya hivyo miezi mitatu, na hata siku moja hakujiuliza maji ya jana yamekwenda wapi.

Kisa hiki nakieleza kwa ridhaa yake. Mwenyewe asema asingependa mtu mwingine alipe ada aliyolipa yeye.

Gari lenyewe lilikuwa Toyota Corolla 110, jeupe, namba yake yaanza na KA. Magari ya namba hizo si wageni. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo gari lenye miaka 20 na kitu unaloliona kwenye barabara zetu limezeekea humu humu nchini, limepita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja alikuwa na fundi wake na njia zake za mkato. Anayelinunua hununua pia kila kilichofanywa na kila kilichoachwa.

Bei ilikuwa shilingi 280,000: akiba yake ya miaka mitatu, na juu yake zamu ya mama yake kwenye mchezo wa kina mama wa mtaani. Alikwenda kulitazama peke yake, baada ya alasiri. Alimkuta muuzaji keshaliwasha, injini yanguruma taratibu na boneti ina moto. Akaliendesha mpaka ufukweni Mama Ngina na kurudi, dakika kumi, barabara tambarare, upepo wa bahari ukipuliza rejeta uso kwa uso. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa na haukutikisika.

“Waona?” muuzaji alimwambia. “Gari yangu haijui joto.”

Jioni hiyo alilileta mtaani. Barazani alikuwepo mzee mmoja ambaye maisha yake yote alihudumia injini za vyombo vya bandarini mpaka akastaafu.

“Masalkheri, mzee.”

“Masalkheri, mwanangu. Hongera, Mungu akupe kheri yake. Uliliwasha likiwa baridi?”

“Nililikuta limewashwa. Lakini liko sawa, mzee. Mshale haupandi hata kidogo.”

Mzee alitazama boneti kwa muda. “Mshale usiopanda wanitisha kuliko ule upandao,” alisema. Kijana alicheka kwa adabu, akaenda kumwonyesha mama yake gari.

Wiki ya pili maji yalipungua kikombe kimoja. Wiki ya tano yalipungua chupa nzima kila siku. Marafiki walimwambia magari kuukuu yote hunywa maji, naye akaamini. Maji yenyewe aliyachota kisimani nyumbani, maana ya mfereji siku nyingine hutoka na siku nyingine hayatoki, na ya mkokoteni yanunuliwa kwa mtungi. Gari lilipoanza kuchemka kwenye foleni ya Makupa, alilipeleka kwa fundi wa kando ya barabara. Fundi akang'oa termostati, akamwambia kidude hicho ni cha nchi za baridi, Mombasa hakina kazi. Akaiunganisha feni moja kwa moja ili izunguke muda wote. Shilingi mia tano, gari likatulia, kijana akashukuru.

Kisha ikaja Februari na joto la kaskazi. Kulikuwa na arusi ya jamaa yao Voi, mwendo wa kilomita 160 hivi. Mama na dada wawili waliingia nyuma na nguo zao za arusi. Walipita Makupa, wakapita Changamwe na Miritini salama. Walipoanza kupanda mlima wa Mazeras nyuma ya malori, gari likaishiwa nguvu. Mvuke mweupe ukatoka pembeni mwa boneti. Mshale wa joto ulikuwa bado umelala chini, vile vile kama siku ya Mama Ngina.

Kijana akaruka na chupa yake. Alishaweka kitambaa juu ya kifuniko cha rejeta pale dereva wa lori alipomshika mkono. “Usifungue, ndugu yangu. Utaungua uso.” Dereva huyo aliokoa macho ya mtu siku ile. Maji ndani ya rejeta huwa yamebanwa kwa shinikizo. Kifuniko kizima cha gari dogo, chenye nguvu ya bar 0.9 hivi, huyafanya yasichemke mpaka nyuzi 120 hivi badala ya 100. Ukikifungua ghafla, shinikizo hutoka na maji yote hulipuka kuwa mvuke usoni pako. Zima injini, ngoja angalau nusu saa, mpaka mpira wa juu wa rejeta uushike kwa mkono bila kuungua.

Kijana alingoja dakika kumi, kwani arusi haikungoja. Akamimina maji baridi kwenye chuma kilichokuwa bado kinawaka. Alipowasha, injini ilitetemeka na eksozi ikatoa moshi mweupe mzito. Mama na mabinti walipanda matatu, wakafika Voi nikahi imekwisha kufungwa. Gari lilivutwa kwa kamba mpaka kisiwani.

Asubuhi yake mzee alikuja na miwani yake bila kuitwa, na hakulaumu. Alianza na kifuniko cha oili. Alikigeuza, akamwonyesha kijana upande wa ndani: ulikuwa na uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa. “Hapa maji na oili vishaoana,” alisema. Gasketi ya hedi ilikuwa imeungua. Akashuka chini ya pampu ya maji, akapapasa kwa kidole na kutoka na unga mweupe, alama ya maji yaliyokuwa yakidondoka na kukauka, yakidondoka na kukauka, kwa miezi. Mwisho akafuata waya wa kipimajoto. Ulikuwa umechomolewa, na ncha yake imefungwa utepe mweusi vizuri sana, kwa mkono wa mtu ajuaye afanyalo. Gari lilikuwa limezibwa mdomo kabla halijauzwa.

“Mwanangu,” mzee alisema, “maji hayapotei. Yakipungua ujue yana mahali yaendapo. Ama yadondoka chini, ama yaingia kwenye oili, ama yaungua na kutokea eksozi. Kazi yako ilikuwa kuyafuata.”

Kuhusu maji ya kisima, mzee alimwomba mama wa kijana birika lake la zamani. Ndani lilikuwa na utandu mweupe mgumu, umeshika kama saruji. Kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe, jiwe lile lile lililojengewa Fort Jesus kuanzia mwaka 1593. Maji ya visima vyetu hupita humo, hubeba chokaa, na bahari huyaongezea chumvi. Yakichemshwa, chokaa hushika kwenye chuma. Birika laweza kukwanguliwa, lakini mishipa ya rejeta ni myembamba na mkono haufiki. Ikiziba nusu, rejeta ni nusu. Na ile chumvi hula hedi ya aluminiamu kimya kimya, mpaka njia za maji zinatoboka pale gasketi inapokaa.

Na termostati? Hufunga njia ya rejeta mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi, kisha hufungua, ili injini ipate joto lake upesi na kubaki nalo. Injini isiyofika joto lake hula petroli zaidi na kuchafua oili, hata Mombasa. Kwenye baadhi ya injini kidude hicho hufunga pia njia ya pembeni. Ukikiondoa, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita rejetani kabisa. Fundi alidhani anapoza gari, kumbe alilipunguzia uwezo wa kupoa, na feni isiyopumzika ikaficha ubaya huo mjini mpaka mlima ulipoufichua.

Hesabu ya mwisho ilikuwa karibu shilingi 70,000: kuchonga hedi iliyopinda, gasketi, rejeta, pampu, mipira, termostati, na oili mara mbili ili kusafisha ule uji. Hiyo ni robo ya bei ya gari. Pampu peke yake, wiki ile ya pili, ingemgharimu elfu chache. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema kweli, lakini kijana wetu hakuuona ufa, kwa kuwa kila asubuhi aliufunika kwa maji.

Sasa nakuambia wewe unayetaka kununua gari kuukuu. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji mapema asiliwashe. Ukikuta injini ina moto, rudi siku nyingine. Likiwa baridi, fungua rejeta utazame rangi ya maji: yakiwa na kutu au mafuta juu yake, uliza kwa nini. Geuza kifuniko cha oili. Liwashe kifuniko cha rejeta kikiwa wazi. Mapovu yasiyokoma humaanisha hewa ya moto wa injini yaingia kwenye maji. Papasa zulia la mbele upande wa abiria kama lina unyevu. Kisha funga, uliendeshe zaidi ya nusu saa, utafute foleni na utafute mlima. Mshale upande mpaka karibu na katikati na utulie hapo. Usipopanda kabisa, usilipe mpaka ujue sababu. Na kabla pesa hazijatoka mkononi, hakikisha kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama, kwamba anayekuuzia ndiye mwenye gari.

Ukishalileta nyumbani, chukulia kwamba hakuna kilichofanywa mpaka uone ushahidi. Badilisha oili na chujio lake wiki ya kwanza. Usipojua mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, hesabu haujabadilishwa. Kwenye tairi tafuta namba nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi la zamani halifai hata likiwa na meno. Lala chini ulitazame kwa tochi, maana upepo wetu wa chumvi hula chuma kuanzia pale macho yasipofika: mabomba ya breki, sakafu, mahali shoki zinaposhikia bodi. Ukilioshea kwa maji ya kisima, umelipaka chumvi kwa mkono wako.

Kwenye rejeta tia kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale tunayoyaita maji ya betri. Gari dogo huchukua lita tano au sita hivi. Safisha kwanza, mwaga na ujaze maji safi mpaka yatoke meupe, kisha tia dawa na ubadilishe kila miaka miwili. Iliyotoka usiimwage kichochoroni. Ile dawa ina ladha tamu na ni sumu; mtoto anaweza kuionja, na paka wa Mji wa Kale huenda wakainywa mpaka ya mwisho. Ifunge ndani ya mtungi, uipeleke kwa fundi anayepokea mabaki.

Halafu weka daftari. Kijana wetu sasa ana daftari dogo ndani ya kisanduku cha mbele. Kila Jumapili, gari likiwa baridi, hupima oili kwa kijiti, hutazama mstari wa maji kwenye chupa ya akiba ya rejeta, na huandika tarehe na kilomita. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Mwezi wa Agosti mstari ulishuka upana wa kidole kimoja. Hakuongeza maji. Alishuka chini, akapata kibano cha mpira kimelegea, akakikaza kwa bisibisi, na wiki iliyofuata mstari haukusogea.

Gari kuukuu si aibu. Hapa kisiwani limewapeleka watoto shule, limewafikisha wagonjwa hospitali, limewapa vijana riziki. Nalo husema likiugua: kwa harufu, kwa sauti, kwa tone chini ya injini. Usimlipe fundi alinyamazishe. Mlipe atafute ugonjwa, akuonyeshe kwa mkono wake kile kilichoharibika, na ukimwona ameng'oa kitu akisema hakina kazi, mwambie akirudishe. Kabla ya kununua, mpitie mzee wa barazani mwenye mikono iliyozoea spana, umwombe mkaende pamoja. Hatakudai ila kikombe cha kahawa. Na siku maji yatakapopungua, hata kwa kikombe kimoja, usilale kabla hujajua yamekwenda wapi.