Mzigo Uliotajwa Mara Moja

Soma kwa Ajili ya Leo: Zaburi 55, Mwanzo 47:12, 1 Wafalme 17:2–7, 1 Petro 5:6, 7.

Mshiriki akisimama Sabato asubuhi na kusema kwamba moyo wake umelemewa, jibu huja upesi: mtwike Bwana mzigo huo. Ushauri huo ni wa kweli, nao unatoka katika Zaburi 55:22. Lakini yupo mama anayemuuguza mume aliyepooza. Anaomba, anaitika amina, kisha anarudi nyumbani na kumkuta mgonjwa pale pale kitandani. Baada ya majuma kadhaa anaanza kujiuliza kama imani yake ina kasoro. Neno moja la Kiebrania katika fungu hilo linaweza kumsaidia.

Neno lililotafsiriwa kuwa mzigo ni *yehav*. Halionekani mahali pengine popote katika Agano la Kale. Kiebrania kina neno la kawaida la mzigo anaobebeshwa punda au mtu, lakini hapa halikutumika. *Yehav* linahusiana na kitenzi chenye maana ya kutoa au kupa, kile alichokitumia Raheli alipomlilia Yakobo ampe wana (Mwanzo 30:1). Ndiyo maana wafasiri wengi huona humo wazo la kile ambacho mtu amepewa, yaani jambo lililomwangukia maishani. Wayahudi waliotafsiri Zaburi kwa Kiyunani kabla ya Kristo walichagua neno lenye maana ya mahangaiko, na Petro analitumia neno hilo hilo katika 1 Petro 5:7. Hivyo anayemtwika Bwana mzigo humpa yote mawili: jambo lililompata, na mahangaiko yanayoandamana nalo.

Soma Zaburi 55:12–14, 20, 21. Ni nani aliyemwumiza Daudi, na kwa nini jeraha hilo lilikuwa zito kuliko la adui?

Aliyemsaliti alikuwa rafiki, mtu aliyeandamana naye kwenda nyumbani mwa Mungu. Hapa uangalifu unahitajika. Neno linalotokea mara moja tu halitoshi kujengea fundisho, wala halimruhusu mtu kusema kwamba Mungu ndiye aliyepanga usaliti ule. Zaburi yenyewe inauweka uovu mikononi mwa aliyeutenda. *Yehav* ya Daudi ni jambo lililomfikia bila yeye kulichagua. Alitamani mabawa kama ya njiwa ili aruke aende mbali (fungu la 6), lakini mabawa hakupewa.

Soma tena fungu la 22. Je, ahadi inahusu mzigo, au inamhusu anayeubeba?

Fungu halisemi kwamba mzigo utatoweka siku ile ile. Linasema kwamba Bwana atamtegemeza mwenye mzigo. Kitenzi kilichotumika hapo ndicho kinachotumika Yusufu anapowalisha baba yake na ndugu zake, na kunguru wanapoagizwa kumlisha Eliya. Eliya alipofika kijito cha Kerithi, ukame haukukoma. Hata kijito chenyewe kilikauka baadaye. Lakini chakula kilikuja asubuhi na jioni. Kwa hiyo yule mama anayeamka kesho akiwa bado na mgonjwa wake, na bado akiwa na nguvu za kumgeuza kitandani, hajakosa jibu la ombi lake. Anategemezwa.

Tena, katika visa hivyo viwili Bwana aliwategemeza watu kwa kutumia mikono ya Yusufu na midomo ya ndege. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: anayeutazama huuona mwepesi. Ni rahisi kumwambia mama yule amtwike Bwana, kisha kila mmoja akaenda zake kula chakula cha Sabato. Darasa linaloliamini fungu hili litapanga zamu ya kukaa na mgonjwa, ili mama apate kulala usiku mmoja.

Maswali ya Kujadili:

1. Ni jambo gani lililokufikia bila wewe kulichagua? Umewahi kumtajia Bwana jambo hilo kwa jina lake?

2. Ni kwa namna gani umetegemezwa huku mzigo wenyewe ukiwa bado upo?

3. Ni nani katika darasa lenu amechoka juma hili? Amueni leo, kabla ya kuagana, nani atakwenda kwake na siku gani.