Mdomo Ukifungwa, Mkono Uchore

Somo: Ezekieli 3:24–4:3



Tumezoea kumwambia mwenye majonzi, "Funguka." Tunampa kipaza sauti atoe ushuhuda, na akinyamaza tunahisi imani yake imepungua. Somo la wiki hii lina njia nyingine. Ezekieli, kuhani aliyechukuliwa mateka, anaishi kando ya mto Kebari huko Babeli, mbali na hekalu. Mungu anamwambia ajifungie nyumbani, na ulimi wake unagandamana na kaakaa. Kisha, kabla ya kumrudishia sauti, anamwagiza atwae tofali, achore juu yake mji wa Yerusalemu.

Matofali ya Babeli yalitengenezwa kwa udongo, nao udongo ukiwa mbichi hupokea alama ya kijiti. Watu wa nchi ile walichora hata ramani juu yake: imepatikana ramani ya mji wa Nippur, ya zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Kristo, yenye kuta, malango na mifereji. Wataalamu wengi wanauweka mto Kebari karibu na Nippur hiyohiyo. Basi Ezekieli akauchora mji, akauzungushia boma, makambi na magogo ya kubomolea. Ulikuwa unabii wa hukumu, ndiyo, lakini mji ule ulikuwa wake. Mungu alimpa nafasi ya kuliweka nje, mbele ya macho, jambo lililomuuma ndani.

Baadaye mkewe alifariki, naye akakatazwa kumlilia. Mji ukaanguka. Ndipo, mwaka wa 25 wa uhamisho, akaonyeshwa nyumba mpya ya Mungu, lango kwa lango, kipimo kwa kipimo, akaambiwa awaandikie watu umbo lake. Kati ya tofali lile na nyumba hii ilipita takriban miaka 20. Nawasihi tusiiruke. Mtoto aliyefiwa akichora nyumba isiyo na mlango, tusimharakishe aongeze jua.

Namkumbuka Friedl Dicker-Brandeis, msanii Myahudi aliyewafundisha watoto kuchora katika geto la Terezín, wakati wa utawala wa Wanazi. Alipopelekwa kambi ya mauaji ya Auschwitz, Oktoba 1944, aliacha masanduku mawili ya michoro. Takriban 4,500 imehifadhiwa Prague. Imo michoro ya vitanda vya ghorofa walivyolalia, na imo ya vipepeo na maua. Yeye aliuawa, na wengi wa watoto wale pia. Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba kuchora kunaokoa maisha. Lakini aliwataka watie majina yao kwenye michoro, na mahali walipofanywa kuwa namba tu, majina hayo yamebaki.

Wiki hii, mnaokwenda kuwatembelea wafiwa na wagonjwa, bebeni karatasi na penseli. Msilazimishe. Mtu akichora, msimfasirie; mwambieni tu, "Nieleze hiki," na asipotaka, kaeni naye. Na mchoro ukionyesha kwamba mtoto anaumizwa, au mtu anawaza kujiua, msiishie kwenye sala: msimwache peke yake, mfikisheni siku hiyohiyo kwa daktari au mshauri nasaha, na mtoto asirudishwe mikononi mwa anayemuumiza.