Wajibu wa Mwenye Tangi

Diskasi ni samaki bapa, mviringo kama sahani, wa maji laini na yenye joto ya bonde la Amazon. Mayai yake huanguliwa baada ya siku mbili au tatu. Siku chache baadaye vifaranga, wakishajua kuogelea, humwendea mzazi na kudonoa ute wa ngozi yake. Baba na mama hulisha wote wawili, kwa zamu: mmoja akichoka hujipukusa ghafla, na kundi zima likahamia kwa mwenzake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa protini na kinga za maradhi huongezeka katika ute huo wakati wa malezi, na kwamba kufikia wiki ya tatu wazazi huanza kuwakwepa watoto, mithili ya mama anayemwachisha mwanawe ziwa.

Je, huko ni kupenda? Descartes, aliyewaona wanyama kuwa mitambo, angekataa. Kumkatalia ni rahisi, kumshinda kwa hoja ni vigumu. Lakini wajibu wa mfugaji haungoji jibu hilo. Katika Uislamu imepokewa hadithi mashuhuri ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Uzito wa kosa uko hapo pawili. Anayeziba njia ya kiumbe hulazimika kumpa kile ambacho njia hiyo ingempa. Kitabu cha Mwanzo nacho kinamweka mtu bustanini ailime na kuitunza, na kutunza ni kazi ya kila siku.

Mto humpa diskasi chakula, kisha huchukua uchafu wake. Tangi halichukui kitu. Vifaranga hulishwa mara nyingi kwa siku, katika maji ya nyuzi 28 hadi 30, na mabaki huoza upesi. Kwanza hutokea amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati. Hapa ndipo mimea ya ndani ya nyumba hufaa, hasa pothosi, ule mtambaazi wa sebuleni wenye majani ya umbo la moyo. Mizizi yake, ikishaoshwa udongo na mbolea yote, huning'inizwa majini, majani yakabaki juu. Kwa kuwa huvuta hewa ya ukaa moja kwa moja hewani, mmea huu hukua haraka kuliko mingi iliyozama, na kadiri unavyokua ndivyo unavyonyonya nitrati. Hata hivyo hauokoti masalia chini ya tangi, wala haumwondolei mtu kazi ya kubadili maji. Anayeupanda ili apate kupumzika amekwepa amana yake.

Kinachobishaniwa zaidi ni kuwatenga vifaranga na wazazi. Wapo wazazi wanaokula mayai yao, na hapo kutenga ni kuokoa maisha. Kutenga kwa mazoea, ili jike litage tena upesi, ni jambo jingine: kifaranga hunyimwa kinga ambayo mzazi alikuwa tayari kumpa. Mbadala unaotumiwa mara nyingi ni kiini cha yai, nacho huchafua maji vibaya. Hivyo aliyewatenga hujitwika kazi ya mto na ya wazazi kwa pamoja: kulisha kidogo kidogo mchana kutwa, na kumwaga maji machafu kila baada ya mlo, mpaka vifaranga waweze kula chakula kingine.